Mstari Uliposogea

Miaka michache baada ya Uhuru, polio ilipita eneo la Mosocho ikaacha watoto wa umri wa kukimbia wakitambaa. Kwa hiyo ilipotangazwa kanisani kwamba chanjo inakuja kijijini Sironga, tena ndani ya vipande vya sukari, hakuna mama aliyehitaji kubembelezwa. Watoto nao hawakusikia neno chanjo. Walisikia sukari.

Nyanchera alimleta bintiye Gesare, wa miaka minne, amempaka mafuta mpaka anang'aa kama sufuria mpya. Njiani alimrudia lile somo la kila siku: "Kwa watu hatuombi. Ukipewa, pokea kwa mikono miwili. Usipopewa, nyamaza."

Watoto walikalishwa nje ya kanisa, kwenye mabenchi yaliyounganishwa kufuata ukuta. Muuguzi Anyiko, mtu wa kule ziwani, alianzia upande wa mlango na sinia lake. Kwa kila mtoto ilikuwa vilevile: fungua mdomo, sukari, tafuna, rangi ya zambarau kwenye kidole gumba, hatua moja kando. Fungua mdomo, sukari, tafuna, rangi, hatua. Macho yake yalikuwa kwenye sinia, si kwenye nyuso. Watoto walikuwa wengi na mvua ya mchana ilikuwa inanukia.

Katikati ya mstari akakuta mdomo wenye masharubu. Ni Onsongo, kijana wa pale sokoni ambaye hakuna mazishi aliyowahi kushindwa kuyachekesha.

"Wewe una miaka mingapi?"

"Mdogo tu, sista."

"Mdogo na ndevu?"

"Nilizaliwa nazo. Muulize mama."

"Toka hapa, baba mzima! Watoto wako wako wapi?"

"Bado natafuta mama yao. Wewe umeolewa?"

Uwanja ukalipuka. Anyiko mwenyewe alicheka mpaka sinia likatikisika. Nyanchera alicheka kuliko wote, akageuka kumshika jirani yake bega asianguke. Onsongo akavutwa sikio, akatolewa huku akiwapungia watu mkono kama mbunge.

Pakabaki pengo benchini. Watoto, kila mmoja akihofia sukari itaisha, wakasogea kuliziba. Gesare, aliyekuwa anafuata baada ya Onsongo, akajikuta amekaa mahali pa Onsongo. Anyiko akafuta machozi ya kicheko, akapiga hatua yake moja kando kama kawaida, akamwambia mtoto aliyekaa baada ya Gesare: "Fungua mdomo."

Gesare alikuwa ameshafungua wake. Akaufunga. Mikono yake miwili ilibaki wazi mapajani kwa muda, kisha akaikunja.

Mwenzake aliyekaa karibu, rangi bado mbichi, akambandika kidole gumba kwa kidole gumba ili wafanane. Nyanchera akaiona ile zambarau, akaridhika.

Kabla mahindi hayajakomaa, Gesare alishikwa na homa. Iliposhuka, mguu wa kushoto haukuinuka. Kwenye zahanati wakauliza kama alichanjwa.

"Alichanjwa," Nyanchera akasema. "Rangi niliiona kwa macho yangu."

"Sikupewa, mama," Gesare akasema kutoka mgongoni. "Alinipita."

"Alikupita? Mbona hukusema?"

"Ulisema tusiombe."

Nyanchera alikaza shuka kifuani, akambeba hadi nyumbani bila kupumzika.

Mwaka uliofuata sukari ilirudi Sironga, na Anyiko naye. Safari hii Nyanchera hakukaa na wanawake. Alimfunga Gesare mgongoni akamfuata muuguzi mtoto kwa mtoto, na kila aliyepewa alimwinamia: "Fungua mdomo nione." Aliyejaribu kusogea alimshika mabega. "Kaa hapohapo!"

"Mama, unanichelewesha," Anyiko akasema.

"Tuchelewe pamoja."

Kutoka langoni Onsongo alianza kurusha mzaha kuhusu daktari mpya. Hakuna aliyecheka, naye akaumeza.

"Kwani wako ni yupi?" Anyiko akauliza.

Nyanchera akageuza mgongo. Anyiko akauona mguu unavyoning'inia, mwembamba, kiatu kimevaliwa hata hivyo. Akachukua sukari.

"Itauponya?" Nyanchera akauliza bila kugeuka.

"Mguu hapana, mama."

"Mpe tu. Asipitwe."

Nyuma ya shingo yake akasikia meno madogo yakitafuna. Akangoja mpaka yakanyamaza, akapiga hatua moja kando, akainama kwa mtoto aliyefuata.

"Fungua..." akaanza kusema. Ikabidi Anyiko amsaidie kumalizia: "Mdomo."