Kwa Ramazani au kwa Kampuni

Kwetu Wamaza mama mkwe haongei na mume wa binti yake. Hamtazami usoni, hali naye, na jina lake halitaji. Wakikutana njiani, mmoja anaingia porini mpaka mwenzake apite. Desturi hiyo niliifuata vizuri tangu Pascaline alipoolewa, lakini mwaka ule ilinikera mpaka nikatamani niitupe mtoni.

Mambo yalianza siku ya soko la pamba, Kabambare. Tulikuwa wengi, kila mtu na mzigo wake, maana Wabelgiji walikwisha kuamua kwamba kila nyumba ilime pamba hata kama tumbo linataka mhogo. Karani wa kampuni ya pamba akapanda juu ya lori akatangaza: kampuni inatafuta vijana wanaojua kusoma, iwafundishe udereva katika shule yake ya Kasongo. Chakula bure, nguo za kaki bure, na mwishoni permi, ile karatasi ya serikali inayomruhusu mtu kushika usukani. Sharti lilikuwa moja tu, nalo alilisema harakaharaka huku akishuka: ukifuzu, kampuni inakupeleka inakotaka yenyewe.

Wenzangu walisikia kaki. Mimi nilisikia hilo la mwisho.

Pascaline ndiye mtoto pekee aliyenibakia. Wawili nilizika kabla yake, na baba yao nikamzika baadaye. Mume wake akipelekwa mbali, naye atafuata, na mimi nitabaki kuongea na mbuzi.

Wiki hiyohiyo Ramazani alipita kwetu. Huyu alikuwa mfanyabiashara Mwislamu wa Kasongo, mwenye lori lake mwenyewe, kuukuu, limejaa chumvi na vitambaa. Msaidizi wake alikuwa amemwacha, akawa anatafuta mtu wa kumfundisha. Hakuahidi kaki. Mwanafunzi wake angeanza kwa kukata matawi ya kuweka chini ya magurudumu kwenye matope, kufunga mizigo na kuosha gari. Angepewa usukani kidogokidogo, pale njia inaponyooka, mpaka siku Ramazani atakapompeleka mwenyewe kwa mzungu wa teritware, mkuu wa serikali wa eneo letu, kufanya mtihani wa permi. Lakini lori la Ramazani lilijua njia moja: Kasongo, Wamaza, Kabambare, na kurudi. Lilipita mbele ya mlango wangu kila wiki.

Sasa hapo pa kufikiria ni wapi? Lakini mkwe wangu alifikiria. Alifikiria siku nzima na kesho yake, kisha akamtuma Pascaline kwangu.

"Mama, bwana yangu iko nauliza. Aende kwa Ramazani ao kwa kampuni? Anasema weye njo mama, neno yako atafuata."

Nilifurahi, nikasema kumbe ana akili. "Umwambie kwa Ramazani. Kampuni itamutupa mbali, na weye pamoja naye."

"Lakini kampuni inatoa nyumba ya matofali, mama. Na bati juu."

"Nani amekuuliza habari ya bati? Weye upeleke neno. Kwa Ramazani!"

"Nimesikia, mama."

Haukupita muda nikawa shambani, nikamwona mkwe anakuja njiani na sanduku kichwani, anaelekea Kasongo. Nikajibanza kwenye mihogo kama inavyotakiwa. Nyuma yake walikuja vijana wawili wanaimba habari za kampuni na kaki. Alikuwa anakwenda nao. Damu ilinichemka. Mtu ananiuliza neno, nampa neno, analitupa kama ganda la ndizi! Nilitaka nitoke nimkamate shati nimuulize mimi ni mama yake au ni mjinga wake. Nikabaki humo kwenye mihogo nikimtukana kimoyomoyo mpaka alipopotea.

Tangu siku hiyo sikuwa na raha. Chumvi aliyonitumia kutoka Kasongo niliirudisha. Pascaline alipoleta salamu zake nilimwambia azile mwenyewe. Ramazani naye alipopita alinitonesha kidonda.

"Mama, mukwe wako Jean-Marie nilimungoja sana. Alinambia anataka kuja kwangu. Kisha hakutokea."

"Yule mutu hana masikio," nikamjibu.

Ramazani akamchukua Amuri, mtoto wa jirani. Kila wiki nilimsikia Amuri akipiga honi mbele ya nyumba yangu kumsalimu mama yake, na kila wiki nilimchukia upya, maskini, naye hakunikosea kitu.

Mkwe alirudi kiangazi kilichofuata, kaki imenyooka, permi mfukoni. Kampuni ilikuwa imempangia kazi Uele. Uele! Kule kaskazini kabisa, hata Kiswahili hawasemi. Pascaline alikuwa na mimba ya kwanza, naye alitakiwa kwenda pia.

Asubuhi ya safari lori la kampuni lilisimama mbele ya nyumba yangu. Kwetu mkwe anayekwenda mbali anaruhusiwa kuagana na mama mkwe kwa mdomo wake, mara moja, kila mmoja akiwa amempa mwenzake mgongo. Nikasimama nikitazama mlango wangu. Pascaline akaja mbele yangu kunishika mikono. Nilikuwa nimeandaa maneno makali, tena mengi. Lakini anayesafiri ndiye anayeanza.

"Mama," akasema nyuma yangu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia sauti yake ikinisemesha. "Miye nilitaka kwa Ramazani. Roho yangu yote ilikuwa kwa Ramazani. Lakini weye ulisema kampuni, na neno ya mama mukwe haikataliwe. Nimefuata. Sasa utubariki, tuende."

Nikamtazama Pascaline. Uso ulimwiva. Akanibana mikono na kutikisa kichwa, kidogo tu, ananisihi.

Hasira niliyompikia mkwe muda wote ule ilihamia kwa mtoto wangu. Bati! Ameniuza kwa bati! Sentensi moja ingetosha. Mwanamume anayeheshimu neno la mama mkwe kiasi kile asingemsamehe mke aliyeligeuza. Angemshushia mzigo wake palepale na kumwacha uani kwangu. Ningempata mtoto wangu tena, na mjukuu, karibu nami mpaka nife, naye angeishi kwangu akiwa mke aliyerudishwa, kila mtu Wamaza akijua kwa nini.

Mkwe alikuwa anangoja.

"Ndiyo," nikasema. "Njo vile nilisema. Muende salama."

Pascaline akaniangukia kifuani, akalia. Nikamsukuma aende. Nilisikia mlango wa lori ukifungwa, kisha injini ikawaka. Mama mkwe haruhusiwi kugeuka mpaka mkwe awe ametoweka, nami sikugeuka. Sikumwona mtoto wangu akiondoka.