Mjomba wa Runinga

Katika miaka arobaini na mitatu ya kazi yake, Naftaly Gikunda alikufa mara kumi na saba. Alinyongwa, alipigwa risasi, alinyweshwa sumu na mke wa pili, na mara moja aliliwa na mamba ambaye hakuna mtazamaji aliyemwona. Kati ya kifo na kifo alikuwa chifu, hakimu, mchungaji, mganga, na baba mkwe asiyeshiba. Hakuwa mhusika mkuu hata siku moja. Waongozaji wa filamu walimwita walipohitaji mzee ambaye watu wangemwamini kabla hajafungua kinywa.

Kwa sababu hiyo, wengi walimjua sura wasimjue jina. Aliposhuka kwenye basi pale Makutano Ijumaa ile asubuhi, muuza viatu mmoja alimwona, akapaza sauti: "Chifu! Si tulikuzika Alhamisi?"

"Kaburi lilikuwa fupi, mwanangu. Miguu ilibaki nje."

Watu wakacheka, naye akacheka nao kwa adabu. Lakini tangu Nairobi alikuwa akiyabeba maneno ambayo dada yake, Ednah, alimwambia kwa simu: "Njoo ufungue ulichokifunga. Usipokuja sasa, usije hata kunizika."

Alichokifunga kilikuwa hiki. Miaka minne iliyopita aliigiza mjomba anayemlaani mpwa wake kwa kuolewa bila kumwarifu. Mwongozaji, kijana mwenye haraka, alitaka laana hiyo itamkwe kwa Kimeru, kama wazee walivyoitamka zamani. Naftaly aliyajua maneno yenyewe. Aliwahi kuyasikia utotoni, huko Kanyakine, na hakuyasahau. Lakini alipofika mahali pa kumtaja msichana wa mchezo, jina likamponyoka. Kamera ilikuwa ikimtazama. Kinywa chake kikaokota jina lililokuwa karibu: Kagwiria. Alikuwa na mpwa mmoja tu duniani, na hilo ndilo lililokuwa jina lake. Mwongozaji alifurahi mno hata akaona ni heri kumbadilisha jina msichana wa mchezo kuliko kuligusa tukio lile.

Mitunguu nzima, kijiji cha Ednah, ililitazama. Tangu hapo Kagwiria, binti ya Ednah, alikuwa amepoteza mimba mbili. Ya tatu ilikuwa sasa na miezi saba.

Mtu wa mbali aweza kucheka. Lakini katika nchi ile neno la ndugu wa mama huogopwa kuliko neno la baba mzazi, na likiisha kutoka, hakuna wa kulifungua ila yeye aliyelifunga. Ednah alikuwa mama wa kanisa, tena mwekahazina wa chama cha akina mama, na mara nyingi alikuwa amewakemea majirani kwa kuogopa mambo kama hayo. Mimba ya pili ilipotoka, aliacha kuwakemea.

Alimpokea ndugu yake penye migomba, jembe mkononi, bila kumpa mkono.

"Dada, ile ilikuwa kazi," Naftaly akasema.

"Mchoma makaa naye huiita kazi, na msitu unakwisha. Una wapwa wangapi, Naftaly?"

"Mmoja."

"Basi usinifundishe. Kesho utasimama mbele ya watu, kama ulivyosimama mbele ya watu."

Jumamosi watu walijaa uani. Salesio, shemeji ya Ednah na mkubwa wa ukoo wa marehemu mumewe, alieleza kwa maneno machache sababu ya mkutano, kisha akamkabidhi Naftaly kibuyu cha maziwa ya baraka. Kagwiria aliketi kitini, mkono juu ya tumbo, mumewe Lennox nyuma yake. Vijana wakainua simu zao ili wapate picha.

Naftaly akaanza. Sauti ikamjia yenyewe, ile nzito iliyowahi kuhukumu na kuzika. Alinyamaza pale alipojua kwamba kunyamaza kunafaa. Alipofika kwenye kumwachilia mpwa wake, chozi moja lilishuka polepole, akaliacha lishuke. Alipomaliza, mtu mmoja akapiga makofi, na ua mzima ukafuata.

Ednah akainuka, akamnyang'anya kibuyu kabla hajamnyunyizia Kagwiria hata tone.

"Baraka imeanza lini kupigiwa makofi?"

"Mama Kagwiria," Salesio akamtuliza, "mzee amesema vizuri."

"Amesema vizuri sana. Hilo ndilo linaloniogopesha."

Watu wakatawanyika wakinong'ona. Naftaly akabaki kitini mpaka jua likageuka. Alilijua chozi lile. Lilikuwa limemtumikia katika mazishi manne na ndoa mbili za kuigiza, wala halikuwahi kumchelewesha mwongozaji. Alijaribu kutafuta neno moja la heri ambalo hakuwahi kulitamka mbele ya kamera, asilione. Mtu huyu, aliyewafanya maelfu waamini, alikuwa na watu wawili tu aliotaka wamwamini, na hakuwa na cha kuwapa.

Jumapili Ednah alikwenda kanisani. Kagwiria alibaki nyumbani kwa kuwa miguu yake ilikuwa imevimba, naye alikuwa jikoni akimenya ndizi mbichi mjomba wake alipopiga hodi.

"Mjomba. Umekuja kunihubiria tena?"

"Hapana. Sina la kusema."

"Basi keti umenye. Kisu kiko pale. Jipake mafuta mikononi kwanza, utomvu hautoki."

Wakamenya. Baada ya muda Naftaly akauliza, bila kuinua macho, "Wewe unaamini kwamba nilikulaani?"

Kagwiria akachukua ndizi nyingine. "Mimi nafundisha sayansi. Darasani siamini. Lakini siku ile hospitalini, wa pili alipotoka, daktari alikuwa akiniambia jambo, nami sikumsikia. Niliisikia sauti yako ikitaja jina langu."

Kisu kikasimama mkononi mwa Naftaly.

"Nililisahau," akasema.

"Nini?"

"Jina la yule msichana. Sikulichagua lako. Nilisahau nini kinachofuata, nikaona aibu kuwaambia wale vijana kwamba mzee amesahau, turudie. Nilihofu hawataniita tena. Lako ndilo lililokuja kinywani, nikaliacha. Na haikuwa mara ya kwanza kusahau. Hakuna mtu niliyemwambia."

Alijaribu kuendelea, sauti ikakatika vibaya, mahali ambapo hakuna mwigizaji ambaye angeikata. Kamasi zilimtoka. Akachukua kikombe cha maziwa mezani, akapiga funda, akamtemea mpwa wake matone viganjani kama ilivyo desturi, lakini nusu ya kikombe ikamwagikia koti lake.

"Kagwiria," akasema, "binti ya Ednah. Nisamehe. Nimekuachilia. Zaa. Zaa kwa amani." Kisha akatikisa kichwa. "Kulikuwa na jambo jingine. Limepotea."

Kagwiria alikuwa bado amenyoosha viganja vyenye maziwa. Akavifumba.

Hapo ndipo walipomwona Ednah mlangoni, Biblia kwapani. Hawakujua amesimama kwa muda gani.

"Umesahau mara ngapi?" akamuuliza ndugu yake.

"Sijahesabu. Mwaka huu mara nyingi. Wiki jana nilishindwa kukumbuka mlango wa nyumba yangu."

Ednah akaiweka Biblia mezani taratibu. "Mama alianza hivyohivyo. Ulikuwa Nairobi; hukumwona. Alianza kwa majina."

Ednah akakitwaa kile kikombe, akampa binti yake, akangoja mpaka akayanywa maziwa yote yaliyosalia. Kisha akamgeukia Naftaly, akaanza kumfungua vifungo vya koti lililolowa, kimoja baada ya kingine, kama avuliwavyo mtoto.

"Hutarudi Nairobi peke yako," akasema, akatoka nalo kwenda kulifua.