Hadithi Niliyoisoma Jua Likiwaka

Kwetu Wamosi hadithi husimuliwa giza likishaingia. Ukisimulia mchana, mama yako anakufa. Cheka ukitaka. Mimi sikucheka, kwa sababu mama yangu nilikuwa naye bado, na kifua kilikuwa kinamtesa tangu kiangazi kianze.

Maktaba ya kijiji ilikuwa chumba kimoja cha matofali. Ilifunguliwa watu wakishakula chakula cha mchana na kufungwa jua lingali juu. Mwalimu Alimata, aliyetufundisha wanawake kusoma lugha yetu wenyewe, alinitaka Alhamisi moja nisome mbele za watu. Nikachagua kitabu chenye picha ya kuku na vifaranga. Nilijua ni cha ufugaji, na kuku wangu walikuwa wanakwisha kwa ugonjwa wa kideri. Jina la kitabu sikuhangaika nalo. Liliandikwa kwa madoido, nami nilikuwa bado mwanagenzi.

Mstari wa kwanza ulikwenda vizuri: kuku aliishi na wanawe kando ya shamba la mtama. Katika wa pili paka-mwitu alimjia. Nikasema moyoni, sawa, sasa tutafundishwa kumtega. Katika wa tatu paka-mwitu akamsalimu, na kuku akamjibu.

Kuku anaongea! Nikaacha kusoma. Mwanamke mmoja akaziba masikio, mwingine akabeba mtoto wake akatoka mbio bila viatu.

"Endelea, Talato," Mwalimu Alimata akasema. "Mbona unasoma vizuri?"

"Mwalimu, hii ni hadithi! Na jua lile pale!"

"Hicho ni kitabu. Hujasimulia, umesoma."

Sikujua kama kifo nacho kinaijua tofauti hiyo. Mzee Toé, mtu pekee kijijini wa kabila la Wasamo, watani wa Wamosi tangu enzi za mababu, akaangua kicheko kule nyuma.

"Soma, mtumwa wangu! Mama yako naye ni mtumwa wangu. Atakufaje bila kuniomba ruhusa?"

"Nenda ukale kichwa chako cha mbwa huko!" nikamjibu, maana Wasamo tunawatania kwa kula mbwa, na mtani haachwi bila jibu hata roho ikiwa mkononi. Lakini hakuna aliyecheka. Nikatoka mbio, kitabu bado nimekishika.

Siku zote kikohozi cha mama ulikuwa unakisikia tangu kwenye ghala la jirani. Nilifika ghalani, kimya. Nikafika uani, kimya. Nilitamani nigeuke nirudi, bora nisijue. Nimemuua, nikasema. Nimemuua mama yangu kwa kuku wa kuchorwa.

Nikasukuma mlango. Alikuwa ameketi mkekani anamenya karanga.

"Unakimbizwa na nani?"

"Mama, hukohoi?"

"Leo kifua kimenipa nafasi. Unataka nikohoe?"

Nikaanguka miguuni pake nikamweleza yote huku nalia. Nilitegemea anitukane. Alipuliza maganda ya karanga kiganjani, akawaza.

"Kuku na paka-mwitu," akasema kwa ile sauti iliyombakia, nyembamba, ya kukwaruza. "Umefikia wapi?"

"Mama!"

"Nimekuuliza umefikia wapi."

"Kuku amemjibu."

"Basi patamu hujapafikia. Kaa, nisomee."

"Tungoje usiku, nakuomba. Nitaazima tochi."

"Usiku kifua kinanikaba, sisikii kitu. Niliwasimulia nyinyi mpaka mkaota ndevu na matiti. Tangu sauti yangu ikatike, nani amenisimulia mimi? Nashinda humu nasikiliza mbuzi."

"Naogopa, mama."

Ndipo akaziacha karanga.

"Talato, mimi mchana sijasimulia hadithi hata siku moja. Na mama yangu alikufa nikiwa bado nanyonya."

Mlango ulikuwa wazi na jua limeingia hadi mkekani. Nikamshika mguu kwa mkono mmoja, nihakikishe bado una joto, na kwa hofu ileile nikaanza tena tangu mstari wa kwanza.