Dirisha la Chumba cha Mama

Mwenye nyumba wetu tunamwita Kufuli, kwa sababu hata bomba la uani amelifunga kwa kufuli. Mwezi ule alinishtaki. Alidai nimetoboa ukuta wake na kuweka dirisha bila ruhusa, kwa hiyo nihame. Miaka kumi na moja naishi humo, vyumba viwili, nashona humo, na mama yangu haoni. Nyumba anaijua kwa vidole na kwa miguu: hatua tisa mpaka chooni, nne mpaka mlangoni. Ukimhamisha, unampofusha mara ya pili.

Haikutosha. Wakili wake akaniletea barua: ndani ya siku kumi na nne nitoe nyaraka zote zinazohusu nyumba, barua, picha, risiti, ujumbe wa simu. Zote! Mimi ni fundi cherehani, si masijala ya serikali.

"Punguza hasira, wifi, tafuta," akasema mke wa kaka yangu, anayechapa barua za watu kibandani nje ya mahakama. "Na usifiche hata moja. Ukikamatwa umeficha, hata ukweli wako hautaaminika."

Ruhusa ilikuwepo. Kufuli aliiandika mwenyewe miaka saba nyuma, akaitia saini juu ya meza yangu ya kukatia. Nikapekua sanduku, chini ya godoro, makopo ya vifungo. Siku ya tatu nikaikuta kwenye msumari ninapotundika karatasi za kupimia nguo. Nilikuwa nimeikata kola. Sisi mafundi tukiona karatasi ngumu hatusomi, tunaona kola, tunaona mfuko. Palibaki maneno "fundi aweke dirisha chumba cha mama", basi. Saini ilifagiliwa zamani pamoja na vipande vya vitambaa. Nililia kwa hasira, na nusu ya hasira hiyo ilikuwa juu yangu mwenyewe.

Nikaipeleka vivyo hivyo. Wakili akaishika kwa ncha za vidole.

"Hii ndiyo hati yako, mama? Si uishonee shati tu!"

Nilipomsimulia wifi, akaacha kuchapa.

"Kwani kuomba nyaraka ni haki yake peke yake? Nawe omba zake."

Akanichapia barua, nikaipeleka. Kufuli, kwa kiburi chake, akaleta boksi zima, karatasi zaidi ya mia tatu zilizovurugwa makusudi, ankara za maji zimechanganyika na mikataba ya wapangaji waliokwishakufa.

"Soma mpaka uote mvi," akasema mlangoni. Mama alikuwa ameketi hapo hapo, na Kufuli hata hakumsalimia.

Nilisoma. Aliyezoea kufumua mishono hachoki upesi. Siku nne, karatasi moja moja, nikimsomea mama kwa sauti kwa kuwa alikataa kuachwa nyuma. Siku ya nne nikafika kwenye karatasi moja yenye mwandiko wa Kufuli, namba yake ya simu chini, nikashindwa kuendelea kusoma. Mama alinishika mkono mpaka nikaimaliza.

Mahakamani hakimu aliisoma karatasi ile mwenyewe, kwa sauti. "Vyumba viwili vizuri vinapangishwa. Kimoja kina dirisha kubwa linaloingiza hewa na mwanga mchana kutwa. Vitakuwa wazi karibuni." Tarehe ya tangazo hilo ilikuwa wiki tano kabla sijashtakiwa.

"Dirisha hili ndilo uharibifu uliokuleta hapa?" akauliza.

Kufuli akamtazama wakili wake. Wakili akaanza kukusanya karatasi zake.

Kesi ikatupwa, tukaambiwa tubaki kwetu. Watu walinipa mkono, wifi akapiga kigelegele akanyamazishwa na askari. Nilitaka kufurahi, nikashindwa. Kwenye korido mama alikuwa amenishika bega, na Kufuli alikuwa hatua tatu mbele yetu.

"Kumbe dirisha alilipenda," mama akasema, kwa sauti ya kumfikia kila aliyekuwepo. "Uharibifu wa nyumba yake ni mimi."

Kufuli alisikia. Akaongeza mwendo.