Geti Nililolitia Sahihi

Mama mwenzangu, ukiletewa karatasi ya kamati utie sahihi, isome kwanza. Isome hata kama ni ndefu na wanaume wamesimama mlangoni wanaguna. Mimi niliishia darasa la tano, na ni hilo darasa la tano lililonifanya niwe katibu.

Kwetu, mradi wowote wa kata unasimamiwa na kamati ya wakazi wenyewe. Sheria inataka wanawake wawemo, tena mmoja wao awe na cheo. Katika kitongoji chetu cha Semripur wanawake wa umri wangu wanaoweza kuandika jina lao hawafiki watano. Kwa hiyo mwezi wa Magh, katikati ya baridi, Khushiram alikuja uani kwangu na karatasi ya kujenga geti la kuingilia kitongoji, juu ya barabara. Huyu Khushiram ni mwenyekiti wa kamati, na kwangu ni shemeji mkubwa, mtoto wa baba mkubwa wa mume wangu. Shemeji mkubwa kwetu humtazami usoni wala huongei naye. Ukimwona unavuta mtandio kichwani na kuinama. Nilikuwa nachambua konokono wa mpungani wa kitoweo. Alimwambia mama mkwe wangu, nikiwa palepale nasikia, kwamba kinachotakiwa ni jina tu, kutembea maofisini watatembea wao. Nikanawa mikono, nikaandika Phulrani Chaudhary.

Juma lilelile akaleta karatasi ya pili, ya kunyanyua barabara kwa changarawe ili masika isikate tena njia yetu. Nikaandika Phulrani Chaudhary.

Sasa niseme kwa nini mimi ni mtu wa wasiwasi. Binti yangu Anjila ana miaka kumi na mitano na miguu yake haijambeba tangu homa ya utotoni. Baba yake yuko Malaysia. Mimi nikienda shamba, Anjila anabaki kitandani karibu na mlango anashona, na bibi yake anaachwa kumwangalia, lakini bibi mwenyewe hawezi kunyanyua hata ndoo. Nyumba zetu ni za udongo na paa la nyasi, zimebanana kiasi kwamba mwenzako akikaanga pilipili unapiga chafya wewe. Mwaka jana mwezi wa Chait, upepo wa joto ulipoanza, kitongoji cha jirani kiliungua nyumba thelathini kabla sufuria ya wali haijaiva. Gari la zimamoto la manispaa lilikuwa bovu siku hiyo. Tulizima kwa ndoo na matawi, na tangu hapo nikiwa shambani narudi mchana mara mbili kuchungulia kama Anjila yupo salama.

Mwaka huu manispaa ikaleta gari jipya, jekundu, kubwa kuliko basi. Wanawake tulipiga makofi barabarani. Nikajiambia, Phulrani, sasa pumua.

Geti lilimalizika mwezi wa Fagun, unaotangulia Chait. Lilikuwa zuri, sitasema uongo. Nguzo mbili nene, na juu yake mkanda wa zege uliochorwa tausi, na jina la babu yao kina Khushiram limeandikwa kwa rangi ya dhahabu. Siku ya tatu trekta likaja limebeba majani makavu ya mpunga, likakwama chini ya mkanda. Watu walicheka sana. Dereva alipanda juu akatupa matita ya juu chini, trekta likapita, kila mtu akaenda zake. Mimi nilibaki nimesimama. Nilijiuliza kitu kimoja tu: hilo gari jekundu lina urefu gani?

Usiku sikula. Asubuhi nikamtuma mama mkwe akaulize kwa Khushiram. Jibu lilirudi kwamba ramani inasema futi kumi na nne, mhandisi amegonga muhuri, na kama Phulrani ana muda wa kupima mageti basi dengu zake shambani anazivuna nani.

Nikakata mwanzi. Nikausimamisha chini ya mkanda, nikaupunguza kwa panga hadi ukaingia sawasawa, kisha nikauweka begani nikaanza kwenda mjini, mwendo wa saa nzima. Kwenye bomba wanawake walinipokea kwa maneno.

"Mama Anjila, unakwenda kuvua? Hiyo ndoano yako ni ya samaki gani?"

"Samaki mwekundu," nikasema, nikapita.

Kituo cha zimamoto kiko nyuma ya ofisi za manispaa. Nilikuta viti vya plastiki vimepangwa kivulini mwa gari lenyewe. Naibu meya, Bi Dilkumari Rokaya, alikuwa katika ziara yake ya kila mwaka ya kusikiliza mahitaji kabla ya bajeti, maana kazi ya kukagua ni yake. Dereva wa zimamoto, Lalmani, alikuwa anamweleza kwamba dereva ni yeye peke yake. Akiugua gari halitoki, na viatu vya kuingilia motoni ni jozi moja kwa watu wanne. Mkuu wa kituo cha polisi naye alikuwa ameleta yake. Kwenye moto wa mwaka jana, alisema, askari wawili walishindwa kuwaondoa watu barabarani, na walifika kwa baiskeli ya kuazima. Bi Dilkumari aliandika yote bila kuinua kichwa. Alipoinua, akaniona na mwanzi wangu.

Akaniuliza nina shida gani. Nikasema nimekuja kupima gari.

Lalmani alicheka kidogo, lakini ni mtu mwungwana, akauchukua mwanzi akauegemeza kwenye gari. Ulifika mwisho wa paa la mbele. Ngazi na taa ya king'ora zilibaki juu, futi nzima zaidi. Akanitazama.

"Dada, huu mwanzi umeukata wapi?"

"Chini ya geti la Semripur."

"Haiwezekani. Ramani ya geti lile niliiona mimi. Futi kumi na nne, na gari ni kumi na tatu."

Ndipo nikaelewa. Futi kumi na nne zilipimwa kutoka barabara ya zamani. Baadaye barabara ikanyanyuliwa kwa changarawe futi mbili. Hakuna aliyerudi kupima, na karatasi zote mbili zilipitia kwangu.

Bi Dilkumari aliuliza nani alikuwa katibu wa geti. Nikasema mimi. Akauliza wa barabara. Nikasema mimi. Nilidhani atanifukuza. Aliweka kalamu chini, akasema kikao cha hadhara cha kupokea geti ni Jumamosi, na yeye hatalipokea mpaka gari lipite chini yake mbele ya watu. Kisha akaniuliza kama nitasimama nikaeleza.

Nikamwambia mwenyekiti ni shemeji yangu mkubwa. Kwao, watu wa milimani, mila ni nyingine kidogo, lakini alinielewa.

"Basi usimtazame yeye," akasema. "Nitazame mimi."

Jumamosi kitongoji kizima kilikaa kwenye mikeka kando ya geti. Khushiram alisoma taarifa kwa sauti nzuri: nguzo, saruji, urefu futi kumi na nne. Bi Dilkumari akaomba katibu athibitishe. Nilivuta mtandio hadi puani, nikasimama. Nikasema taarifa ni ya kweli ila barabara si ile, na nikaeleza nilivyotia sahihi mara mbili juma moja bila kusoma hata mstari. Nilikubali kosa langu mbele ya watu wote.

Kijana mmoja nyuma akauliza kama geti limekuwa fupi au gari ndilo limenenepa. Watu wakacheka, na Khushiram akapata nguvu. Alisema geti lina jina la babu, kulivunja ni aibu ya ukoo, na moto ukija gari lipite shambani.

"Kaka," Lalmani akamjibu, "likijaa maji likaingia shambani, litalala mle kama nyati. Mtalitoa kwa majembe."

Akapanda, akawasha. Askari alisimama mbele ameinua mkono, anamwongoza kidogokidogo. Gari lilikuja taratibu mpaka ngazi ikagusa zege. Kipande cha rangi ya tausi kikaanguka juu ya kioo. Lalmani akazima injini, na hapo hakuna aliyecheka. Upande wa pili wa geti yalionekana mapaa yetu yote, makavu, ya rangi ya majani ya chai.

Khushiram bado alikuwa anatafuta la kusema. Nilijua akilipata tu, mambo yataahirishwa, na Chait haikuwa mbali. Nikamgeukia. Miaka kumi na saba nimeolewa pale, ilikuwa mara ya kwanza.

"Shemeji mkubwa, nisamehe. Anjila hawezi kukimbia. Siku hiyo mimi nitakuwa shambani. Niambie tu nani atambeba."

Mama mkwe wangu alinishika pindo la nguo nikae. Sikukaa. Khushiram hakunijibu na hakunitazama; ndivyo mila inavyotaka na sikumlaumu. Alitazama mapaa, kisha akamwita fundi mwashi.

"Mkanda wa juu toa," akamwambia. "Nguzo ziache. Jina la babu mtaliandika kwenye nguzo."

Bi Dilkumari akaandika palepale, akasoma ili wote wasikie: kuanzia siku hiyo, karatasi ya geti lolote katika manispaa haipiti bila sahihi ya dereva wa zimamoto na ya kituo cha polisi. Watamleta dereva wa pili kabla ya mwezi kuisha. Pikipiki ya polisi alisema ataipigania kwenye baraza, hakuahidi. Nilimpenda zaidi kwa kutoahidi. Nyinyi mnaosoma hapa, geti lenu lina urefu gani? Msimuulize mwenyekiti. Chukueni mwanzi.

Mkanda ulitolewa kwa siku mbili. Siku ya tatu Lalmani alikuja kujaribu njia, akapita katikati ya nguzo bila kupunguza mwendo, akasimama mbele ya mlango wetu. Walikunjua mpira wa maji hadi nyumba ya mwisho, ukafika, na mwingine ukabaki. Watoto walilowa na kuku wakakimbilia bondeni. Tulimbeba Anjila na kitanda chake hadi nje. Aliweka kiganja kwenye mlango mwekundu wa gari akasema ni wa moto kwa jua. Kisha akamwomba Lalmani namba ya simu ya kituo, akaiandika kwa mkaa ukutani juu ya mto wake, tarakimu kubwa, na akamtaka airudie ahakikishe.

Upepo wa Chait ulianza kesho yake. Nilikwenda kuvuna dengu, nikafunga matita yangu yote bila kurudi mchana kuchungulia, na niliporudi jua lilikuwa linazama.