Namba Nyekundu Tulizozisugua

Miaka minane iliyopita wapimaji wa halmashauri walipita mtaani kwetu wakipaka namba nyekundu kwenye kila mlango. Niliyewaambia majirani wazisugue kwa mafuta ya taa ni mimi. Nilisema, ukishaandikwa umeshabomolewa. Tukasugua, tukacheka.

Majuzi wagombea wawili wa udiwani walikuja kwenye darasa la shule ya msingi kutueleza sera zao za makazi. Wa kwanza, tunayemwita Mkandarasi, mwenye tumbo la posho, akakunjua ramani.

"Nyumba yenye namba itapewa hati. Isiyo na namba haimo humu. Hapo itapita barabara."

Darasa zima likanigeukia. Dada yangu, fundi cherehani, aliyejenga vyumba vyake viwili kwa kushona sare za shule, hakugeuka. Hilo ndilo lililoniuma.

"Mjomba, si ulisema sheria unaijua?" mtu akarusha kutoka nyuma.

Nikasimama. "Niliwaponza, sikatai. Lakini huyu Mkandarasi siku ile ndiye aliyeshika ndoo ya rangi. Tulimuuliza namba ni za nini, akasema, 'Waulizeni wakubwa.' Leo mkubwa ni yeye."

"Mzee wa kelele, hayo ya kale," Mkandarasi akasema.

"Ya kale kwako. Sisi tunalala humo."

Mgombea wa pili, mwalimu mstaafu, akainua mkono kwa upole. "Ndugu zangu, mkinichagua, nyumba zitahesabiwa upya."

"Kura lini, Mwalimu?" nikauliza.

"Jumapili."

"Na mwisho wa kupinga ramani?"

Akachungulia karatasi yake. "Ijumaa. Saa tisa na nusu."

"Kwa hiyo sera zenu zote mbili zinakuja matangani."

Nje, dada akanishika kiwiko. "Umemaliza kuhutubia?"

"Nimemaliza, dada."

"Wapimaji waliandika nini cha ajabu? Jina la mwenye nyumba, urefu, upana." Akavua utepe wake wa kupimia shingoni. "Nimepima viuno vya mtaa huu miaka ishirini. Ukuta ndio utanishinda?"

"Tuanze kwako."

"Kwangu mwisho. Anza kwa bibi wa kona. Mlango wake uliusugua kwa mkono wako mwenyewe."

Mwalimu akatufuata, koti begani. "Mwandiko wangu unasomeka," akasema.

"Kura yangu hujaipata," dada akamjibu. "Andika."

Siku tatu tulipima. Bibi wa kona alinitukana kutoka ukuta wa kwanza hadi wa nne, nami nikaendelea kushika ncha ya utepe, maana alikuwa na haki yake.

Ijumaa tulijaa kwenye ofisi ya ardhi. Karani akageuza fomu ya pingamizi. "Namba ya nyumba haijajazwa."

"Andika haina," dada akasema. "Kisha gonga mhuri."

"Zote hizi, mama?"

"Zote. Hatuondoki."

Karani akatazama mlango, akaona foleni imefika barabarani. Akavuta kidau cha wino. Fomu ya dada ilikuwa ya mwisho, ikagongwa saa tisa na dakika ishirini na mbili. Dada akaikunja nakala yake, akaitia kifuani, akaniambia nimwandalie orodha ya maswali ya kikao cha Jumatatu cha kusikiliza pingamizi, na safari hii niwe nimesoma sheria kweli.