Matawi ya Mwaka wa Saba

Mama Cherop alinifundisha kutembea katikati ya miti ambayo haikuwepo. Nilikuwa nimetoka Bungoma kwenda kwake Kitale kujifunza kuunganisha miche ya avokado, na kabla hajanishikisha kisu akanipeleka kwenye kiwanja kitupu kilichojaa ukungu. Akaniambia nifumbe macho, niione miti ikiwa na miaka saba, kisha nipite bila kugonga tawi. Nikainama hapa, nikakwepa pale. Nilijiona mwendawazimu, lakini harufu ya majani niliisikia.

Nilirudi nyumbani na miche arobaini. Baba yangu, Mzee Wabwile, alinipa nusu ekari ya shamba lake la miwa na miaka mitatu. Isipozaa, miwa yake irudi. Watu wakaniambia mvumilivu hula mbivu. Mimi hata mbichi sikuwa nayo, bana.

Mwaka wa kwanza tu, miche ikatoa maua. Mama Cherop akanipigia simu: toa yote, mti mchanga ukizaa unajimaliza. Nikayatoa huku nikilia. Ila mche mmoja niliuachia maua yake, Baba naye aone kitu. Kiherehere changu hicho! Ukazaa matunda matatu, Baba akatabasamu, kisha kiangazi kikaja na mti ukakauka. Baba akasema ameona ya kutosha, Jumamosi anang'oa yote.

Nilimpigia Mama Cherop simu nikamweleza, na Ijumaa akafika na mche mmoja mkononi. Nilimwambia nimechoka, heri miwa. Nilidhani atanigombeza. Aliniuliza tu ule uliokufa ulisimama wapi, tukapanda mpya palepale, halafu akafumba macho na kuanza kutembea. Nikamfuata. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka Mlima Elgon, na siku hiyo niliiona miti wazi kuliko nilivyowahi kuiona, mikubwa, mizito. Niliogopa kufumbua macho.

Nilipofumbua, Baba alikuwa amesimama mpakani, jembe begani. Hakungoja Jumamosi. Aliuliza tunakwepa nini.

"Matawi, Mzee," Mama Cherop akamjibu. "Ya mwaka wa saba."

Baba akaguna. Akaja moja kwa moja kwangu. Katikati ya mistari akapunguza mwendo. Akateremsha jembe begani, akainamisha kichwa, akapita. Alipofika kwenye mche mpya akasimama, akatazama juu, mahali pasipo na kitu.

"Hapa mmebananisha," akasema. "Huu mpya sogeza kidogo."

Akanipa jembe.